Kata ya Mbege Mezani kwa Hakimu

Epifania hakuwa mtu wa kesi. Miaka kumi na tisa aliyoishi Mwika kama mke wa Faustin hakuwahi kukanyaga mahakamani, na kama shemeji yake Wenseslaus angekuwa na haya kidogo, asingekanyaga mpaka kufa. Alikuwa mtu wa kazi. Pampu ya kupulizia kahawa dawa, ambayo wanawake wengi waliwaachia wanaume, yeye aliibeba mgongoni mwenyewe, akarudi nyumbani gauni lina madoa ya bluu ya mrututu. Na mbege yake, pombe ya ndizi na ulezi, ilisifiwa. Jirani wakisikia kapika, Jumapili walipita kumsalimia tu, na salamu hizo zilichukua mchana mzima.

Faustin alikufa mwaka 1974 kwa ugonjwa wa tumbo uliomtafuna miezi saba. Mwishoni hakuweza hata kushika kijiko. Epifania alimpondea mtori mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto, akamlisha kijiko kimoja kimoja, akimfuta mdomo na kumsubiri ameze. Siku nyingine kijiko cha tatu kilirudi chote kifuani mwake, naye akabadilisha shuka na kuanza upya.

Udongo wa kaburi haujashikana, Wenseslaus akang'oa masale, mimea ya mpakani, na kuyapanda hatua sita ndani ya kihamba, shamba la migomba na kahawa alilobaki nalo mjane. Mlimani hata mtoto anajua kwamba isale ndilo mpaka, na anayeling'oa hakukosea njia. Epifania akaenda kushtaki katika mahakama ya mwanzo.

Hakimu aliitwa Leonce. Alikuwa mtu wa makamo, msomi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda kuchekesha. Watu wasio na shughuli walikuwa wakienda kujaza mabenchi yake ili wasikie leo atamtania nani. Aliyetaniwa alifanya nini? Alicheka naye, maana ni nani atakayemnunia mtu aliyeshika kalamu?

Siku ile alimtazama Epifania toka kitambaa cha kichwani mpaka raba za miguuni.

"Wewe ndiye mjane? Mbona unang'aa hivi? Wajane tunaowaona hapa wamekauka kama kuni."

Mabenchi yakacheka. Hakimu akanogewa.

"Hebu tuambie, mama. Huyo marehemu ulikuwa unamlisha nini?"

Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Jirani yake Priska, aliyekuja kumsindikiza, alicheka akiwa amejiziba mdomo kwa kanga. Mzee Ebenezeri, mmoja wa washauri wa mahakama walioketi kando ya hakimu, hakucheka. Aliinama akatazama viatu vyake. Epifania alisimama pale na kijiko kile cha mtori machoni pake, akajibu swali la mpaka aliloulizwa baadaye kana kwamba hakusikia lile la kwanza.

Kesi alishinda. Wazee walikwenda kihambani, wakaona mashimo ya zamani, masale yakarudishwa mahali pake. Watu wakampa pongezi. Lakini utani wa hakimu nao ulikuwa umeshatoka mlangoni, na haukuhitaji kupanda basi. Ulipita sokoni, ukapita kwenye foleni ya kahawa, na kila ulipopita ulipunguza kicheko na kuongeza minong'ono. Hakimu mwenyewe aliuliza. Hakimu atauliza bure?

Mwaka ulipotimia tangu msiba, Epifania alipika mbege ya kumkumbuka mumewe. Akateka kata ya kwanza, akanywa yeye mbele ya wageni, kama desturi inavyomtaka mwenye pombe, ili waone haina sumu. Kisha akaizungusha. Kila mmoja aliigusa kwa midomo, akampa mwenzake.

"Leo tumbo halinikai vizuri, dada," alisema Priska.

Jioni mitungi ilikuwa imejaa vilevile. Epifania aliimwaga yote kwenye migomba, na hapo ndipo hasira ilipomshika sawasawa. Mtu aliyemlisha mumewe kwa kijiko miezi ile yote, leo hakuna mwenye kula mkononi mwake.

Kesho yake alipanda basi kwenda Moshi, akaingia ofisi ya wakubwa wa mahakimu. Karani alisoma karatasi zake, akashangaa.

"Si ulishinda, mama? Unashtaki nini tena?"

"Nilishtaki mpaka, nikapewa. Sasa nashtaki mdomo."

Barua ikapanda mlima kumtaka Leonce ajieleze. Utani ukamwisha. Alikuwa mtoto wa hukohuko, akajua pa kukimbilia: akachuma isale, akalifunga fundo, akampa Mzee Ebenezeri ampelekee Epifania kuombea msamaha. Isale la msamaha halikataliwi. Hata aliyeuliwa ndugu hulipokea, na anayelikataa hukimbiwa na watu wake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee," alisema Epifania, akalipokea kwa mikono miwili. "Waambie sikulikataa. Alhamisi nitakwenda nalo mahakamani, akaseme hukohuko anaomba radhi ya nini."

Alhamisi mabenchi yalijaa. Epifania aliingia na kibuyu begani, akaenda moja kwa moja mezani, akaliweka lile isale juu ya mafaili.

"Mama, kuna kesi inaendelea," alisema hakimu.

"Hili lilikuja jikoni kwangu. Jikoni kwangu hakuna aliyenitukana. Nilitukanwa hapa."

Hakimu akawatazama washauri wake wamtetee. Mzee Ebenezeri akavua kofia.

"Isale liko mezani," alisema. "Kesi haiwezi kwenda mpaka liondoke."

Leonce akasema kwa sauti ya chini kwamba alitamka neno baya.

"Neno gani?" aliuliza Epifania.

Ikabidi alirudie. Alilisema lote, la kung'aa na la kulisha, na safari hii hakuna aliyecheka. Epifania akafungua kibuyu, akateka mbege, akanywa yeye kwanza, kisha akamnyooshea kata.

Hakimu aliipokea. Wote waliona akiinusa kwanza, kisha akaichungulia ndani kama anayetafuta kitu.

"Si ulikuwa utani?" aliuliza Epifania. "Mbona unaogopa?"

Leonce akanywa mpaka kata ikabaki tupu, akaomba radhi, akimtaja Epifania kwa jina na Faustin kwa jina. Mzee Ebenezeri akaliondoa isale mezani.

Ndipo watu wakachangamka. Waliinuka kwenye mabenchi, wakamzunguka, Priska mbele yao, amekwisha kunyoosha mkono.

"Na sisi tuonje, dada. Mbege yako tumeikumbuka."

Epifania aliwatazama mmoja mmoja. Alikumbuka kila mdomo ulikuwa umefunguka kiasi gani siku ile.

"Yeye alitania mara moja," alisema. "Nyie utani wake mliubeba mwaka mzima."

Alikaza kizibo cha kibuyu, akakitia begani, akatoka akapanda mlima kwenda kwake.