Kumuaga Binti wa Mstari wa Nyuma

Mtu akianza kuniambia kwamba wapenzi wa vile vikundi vya mabinti waimbaji wa Japani ni wajinga wasio na kazi, namuacha amalize. Siwezi kumkatiza, maana maneno hayo niliyasema mimi kabla yake, tena kwa ukali kumshinda. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nina chaki na nina kauli, na aliyekuwa akizipokea kauli hizo ni mdogo wangu wa kike.

Alikuwa na miaka kumi na saba, tukiishi na mama mtaa wa Songo, karibu na mpaka wa Burundi. Yeye na rafiki zake wawili walikipenda kikundi cha mabinti kumi na sita hivi, waliovaa sare kama wanafunzi wa bweni la masista, kila mmoja na rangi yake. Kule kwao mpenzi wa kikundi huingia ukumbini na taa ndogo ya mkononi, akaiwasha kwa rangi ya binti wake, na kupaza miito fulani pale pale inapotakiwa. Songo hakukuwa na taa hizo. Walifunga vipande vya mifuko ya rangi juu ya tochi, na miito wakaiandika nyuma ya daftari la kemia kama walivyoisikia, nusu yake wasijue maana. Wakianza kuipaza uani, kuku wa jirani walihama.

Binti aliyempenda mdogo wangu alisimama mstari wa nyuma, mwisho kushoto, na kusema kweli uimbaji ulimshinda.

"Juu ya nini haupendi ule wa katikati?" nilimuuliza. "Ule anajua kuimba."

"Ule wa katikati iko na watu mingi, dada. Huyu, hata mumoja akimuacha, ataona."

Nilicheka. Leo sicheki. Alimfuata binti yule kwenye simu miaka minne. Alimwona akikosea hatua, akamwona akilia kwa kukosea, akaiona siku aliyopewa mstari mzima wa wimbo aimbe peke yake. Siku hiyo mdogo wangu aligawia majirani mandazi kama mtu ambaye kwao wamezaa.

Waliomcheka walikuwa wengi. Vijana wa kituo cha pikipiki, ambao timu yao ya Ulaya ikifungwa hawali na wake zao hawasemeshwi, walimwita mgonjwa. Nyani haoni kundule. Kina mama wa parokia yetu walishona kitenge cha aina moja, wakaifuata kwaya mpaka mji wa Baraka, wakarudi sauti zimekauka, na hakuna aliyesema wana wazimu. Lakini mtoto wa Songo kumshangilia mtoto wa Japani, hilo lilikuwa kosa.

Kisha vita vikashuka uwandani, kwenye tambarare ya mashamba ya mpunga. Kaka yetu alikuwa akiendesha pikipiki ya abiria. Asubuhi moja alimpeleka mtu Bwegera, huko huko uwandani, na tangu hapo yeye, abiria na pikipiki hawakuonekana tena. Tulimtafuta hospitalini, tukamtafuta ng'ambo, Burundi, kwa waliokimbia. Miezi ikapita. Watu walimshauri mama aweke kilio, akakataa. "Minye siwezi kulilia mutu mwenye hajafika," alisema, na hakuna aliyethubutu kurudia. Mdogo wangu hakutoa chozi hata moja. Wakasema ana moyo wa jiwe.

Baba mdogo naye akatukimbilia kutoka Bwegera na mfuko mmoja wa mchele, mpunga wake ukibaki kupukutika shambani. Alichotaka kwetu ni simu tu, asikie barabara ikoje na nani amefika wapi. Umeme ulikuwa umekatika. Tulibaki na simu moja na kipaneli cha jua kilichochaji kwa kujivuta.

Katikati ya hayo, binti wa mstari wa nyuma akatangaza kwamba anakiacha kikundi, akataja na siku ya onyesho la kuaga. Mdogo wangu aliposoma alilia kwa kwikwi. Ulimi hauna mfupa; nikamwambia mbele ya mama, "Kaka yako hukumtolea hata tone. Wa Japani ndiye unamjazia beseni?"

Alinitazama bila hasira. "Kaka hakutuaga, dada. Nitalia nini, na mama anasema atakuja? Huyu ametaja siku. Anajua iko na watu wenye kumungojea, akatuambia."

Nilitoka nje. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, jioni ya Japani, kwetu saa tano asubuhi. Misa haikuwapo kwa sababu ya milio ya risasi upande wa uwandani. Simu ilikuwa na chaji ya saa moja hivi, na baba mdogo alikuwa ameishika.

"Mupunga yangu inaozea kule, na weye unataka kuangalia muzungu anacheza?"

"Si muzungu, baba mudogo. Ni muJapani."

"Mupe," mama alisema. "Vita haiendi fasi yoyote hii saa moja."

Tuliweka laini ya Burundi, kwa kuwa ya kwetu ilikuwa imekufa. Mtandao ulikubali mahali pamoja tu, juu ya ukuta wa ua. Baba mdogo ndiye mrefu, basi akawa ndiye wa kuishikilia simu pale juu, akinung'unika, nasi, pamoja na wale rafiki wawili wa mdogo wangu, tukapanda kwenye benchi. Picha ilikwama, ikaendelea, ikakwama tena. Binti alisimama mbele peke yake, na ukumbi mzima, maelfu ya watu, ulikuwa kijani, rangi yake.

"Hawa wote ni wake?" baba mdogo aliuliza.

"Hapana. Wengi ni ya wale wengine. Leo wamewasha rangi ya huyu, juu anaenda."

Baba mdogo akaishika simu kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipowaelewa, nami nimewatetea tangu siku hiyo. Watu walikubaliana, bila kulazimishwa, kumpa wa mwisho ukumbi mzima siku ya kuondoka kwake. Kwaya ya parokia yetu sijaiona ikifanya hivyo. Mdogo wangu na wenzake walipaza miito yao mpaka benchi likatikisika, milio ya uwandani ikiingia katikati, na hawakukosea hata mahali pamoja. Niliwapenda sana wasichana wale.

Kisha binti akazungumza. Mdogo wangu alitafsiri kidogo alichokijua: anashukuru, anaomba radhi, anawaaga. Binti akainama sana, akabaki ameinama.

"Anaaga hata wenye hawakuweza kufika?" Mama ndiye aliyeuliza. Sikujua kwamba alikuwa nyuma yetu muda wote.

"Hata wao, mama."

Simu ikazimika, binti bado ameinama. Mdogo wangu aliendelea kukitazama kioo cheusi.

Mama akaingia ndani. Akatoka na mkeka, akautandika katikati ya ua, akavua kitambaa cha kichwa, akakaa na kunyoosha miguu, kama tunavyokaa msibani.

"Mutoto ya wenyewe anaagwa hivi," alisema. "Na minye nimuage wangu. Muite majirani."

Baba mdogo akatoka ukutani, akakaa kando yake. Mdogo wangu ndiye aliyeanza kulia, akalia mpaka jua likazama nyuma ya milima, na hakuna aliyemuuliza anamlilia nani.