Vijiwe Vyeusi Tisa

Juzi huko sokoni Toi nilikuta kopo kwenye lundo la mitumba, limejaa vijiwe vya mviringo, vyeusi na vyeupe.

"Hizo ni button za koti, sister," muuzaji akaniambia, "lakini hazina mashimo."

Nikashika kimoja. Kilikuwa baridi, laini kama kipande cha sabuni kinachokaribia kuisha.

Nilipokuwa mtoto, mama alipolazwa, nilitolewa nyumbani kwetu mtaa wa Lindi, nikapelekwa kukaa na shangazi Kawangware, kule sehemu inayoitwa Kongo. Mchana aliniacha kwenye ukumbi wa kanisa, ambako mwalimu mmoja Mjapani alifundisha watoto mchezo wa kwao wa vijiwe. Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa mchezo huo, aliniwekea vyeusi tisa ubaoni kabla hatujaanza. Nikadhani siwezi kushindwa. Alivizunguka polepole na vyeupe vyake, akaviondoa.

"Kwetu mchezo hauishi," alisema kwa upole, "mpaka anayeshindwa aseme mwenyewe, 'Nimeshindwa,' kisha ainamishe kichwa."

Sikusema. Niliendelea kuweka vijiwe mahali ambapo hata mimi niliona havitapona, naye akanivumilia. Wenzangu wakaenda kunywa uji.

Shangazi akatokea mlangoni, ameshika leso ya mama, ile aliyoenda nayo hospitali.

"Vaa viatu," akasema. "Twende nyumbani, Lindi."

Mwalimu aliitazama leso, akautazama ubao aliokuwa ameujaza vyeupe. Akainamisha kichwa, akaniambia, "Nimeshindwa."

Shangazi alikuwa bado hajasema neno juu ya mama. Lakini hapo nikajua.