Njia Aliyoificha Kalisti

Baba yangu mdogo Kalisti alijaliwa miguu ya kupanda milima na mdomo usio na breki. Miguu ilimfaa maisha yake yote. Mdomo ndio uliomponza, na mimi, pamoja na kumpenda, sijamaliza kumkasirikia.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1974. Siku hiyo tulikuwa tumepura ulezi wa Mzee Adolfu, na kazi ilipokwisha watu wazima wakakaa kuzunguka chungu cha kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kila mmoja na mrija wake, mama wa nyumba akiongeza maji ya moto. Kwetu maneno ya kwenye chungu huachwa palepale. Unaweza kusema umeua simba kwa kibao cha mgongo, watu watacheka, kesho hakuna atakayekuuliza ngozi iko wapi. Lakini siku ile mrija mmoja alipewa mgeni, Isakwisa, bwana shamba kijana aliyeletwa kutoka Tukuyu. Desturi hiyo hakuna aliyemweleza.

"Ule mgongo wa mwamba," Kalisti alisema, "mimi naushuka mpaka bondeni kabla jua halijafika utosini."

Wenzake wakacheka. Bwana shamba hakucheka. Siku ya tatu ikaja barua kutoka kwa katibu wa kata: Kalisti amwongoze bwana shamba kuukagua mgongo huo, ijulikane kama watu wanaweza kuushuka kwa miguu.

Sote tulijua maana yake. Kitongoji chetu kilikuwa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Ufipa, na wakubwa walitaka tuhamie kijiji kipya chini, bonde la Ziwa Rukwa. Malori hayakuwa na mafuta. Kama njia ya miguu ingekosekana, tungeunganishwa na kijiji cha jirani hukuhuku juu, kwenye baridi yetu.

Bibi Bertilla, mama yake Kalisti, alikuwa na sababu yake ya kulikataa bonde. Ujanani aliishi huko, na homa ilimchukulia watoto wawili katika wiki moja. Aliwazika, akapanda juu, hakurudi tena. Usiku wa kuamkia safari hakumwomba mwanawe chochote. Alimpikia tu, akakaa akimtazama anavyokula.

Kalisti akapanga uongo wake. Njia ilikuwepo, nayo haikuwa mgongoni. Ilipita kwenye ufa ubavuni mwa mwamba, na wanawake waliokuwa wakibeba samaki wakavu kutoka ziwani waliipanda tangu zamani. Yeye angempitisha bwana shamba juu kabisa ya mgongo, kwenye mawe makali, mpaka kijana mwenyewe aseme haipitiki.

Waliondoka asubuhi, upepo ukiwasukuma. Nyasi zilikuwa zimeungua, mgongo umekuwa mwembamba, huku shimo na huku shimo. Isakwisa alitambaa kwa mikono na magoti, daftari likiwa ndani ya shati, na kila Kalisti alipomwuliza kama warudi alijibu, "Twende mbele kidogo." Kumbe na ubishi anao.

Wakafika mahali pa kuteleza kwenda chini, urefu wa mtu mmoja na nusu. Kalisti akatangulia, Isakwisa akafuata, na jiwe alilokanyaga likang'oka, likaenda zake bondeni. Walisikia linavyogonga kwa muda mrefu. Sasa juu hapakuwa na pa kushika, mbele palikuwa wazi mpaka chini, na wao wawili walibaki kwenye jiwe lisilozidi kitanda cha kamba.

Jua likawakalia. Maji ya kibuyu yakaisha. Kalisti aliniambia hajawahi kuogopa vile, na alichoogopa hakikuwa kuanguka. Nyuma ya kichaka kilichokuwa mgongoni mwake ndipo ufa ulipoanzia, hatua kumi tu. Akiuonyesha, mama yake anashuka bondeni. Akipiga kelele za kuomba msaada, watakaokuja watapitia ufa huohuo. Basi akakaa, amekaza meno, akiomba Mungu alete njia nyingine pasipo na njia.

Isakwisa akamgeukia. "Kaka," alisema, "mama yangu hana mtoto mwingine." Kisha macho yakamlegea, akainama upande wa shimo.

Kalisti akamdaka ukosi wa shati. "Geuka huku," alisema. "Kuna njia."

Wakaingia ndani ya ufa. Mawe ya kukanyagia yalikuwa yamelainika kwa nyayo, na palikuwa na mafiga pale wanawake walipopumzikia. Isakwisa aliyatazama yote.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua." Kalisti akamweleza habari za mama yake, bila kuficha.

Kijana akaweka daftari magotini. "Nikiandika haipo, watamtuma mwingine, ataiona asubuhi moja. Mimi nitafukuzwa, na ninyi mtashuka vilevile. Nisamehe, kaka." Akaandika. Nimewahi kutaka kumchukia mtu yule, nikashindwa.

Mwezi wa tisa tukahama. Kalisti alimbeba mama yake mgongoni kwa kanga mbili, sisi tukifuata na vyungu na kuku. Katikati ya ufa Bibi akamgusa bega, naye Kalisti akasimama.

"Wakubwa njia hii waliijuaje?" Bibi aliuliza.

Tulikuwa tumeshakubaliana kwamba Kalisti aseme wameiona wenyewe. Mdomo ule ukashindwa kudanganya. "Ni mimi, mama. Yule kijana angekufa. Ni mtoto wa pekee kwa mama yake."

Bibi akamshika tena bega.

"Basi shuka," alisema. "Umemrudishia mama mwenzangu mtoto wake. Wangu nitawakuta chini."