Penseli ya Mwalimu Kokila

Mwanangu, kuna siku moja siisahau. Mpaka leo nikisikia harufu ya spiriti, moyo unanishuka.

Nilikuwa kijana, nauza kalamu na madaftari dukani kwa baba hapa Kariakoo, na mwandiko wangu ukisifiwa mpaka Msimbazi. Ghorofani juu yetu alikaa Mwalimu Kokila, mama wa Kihindu aliyestaafu kufundisha sayansi. Kila mwaka alipanda milima ya Uluguru na kurudi na vifuko vya udongo, kila kimoja kimeandikwa bonde lake. Aliumimina udongo kwenye faneli, juu akawasha balbu. Joto likizidi, vidudu hukimbilia chini na kutumbukia kwenye vichupa vya spiriti. Utitiri, mwanangu, lakini si ule wa kuku. Huu unaishi kwenye majani yaliyooza, na alisema kila bonde huenda lina wa kwake.

Nilikuwa namcheka kimoyomoyo, mpaka aliponiita nichungulie kwenye hadubini. Subhanallah. Kitu kisichofika punje ya chumvi kilikuwa na miguu minane, mgongo unaong'aa kama buni iliyokaangwa, na vibawa viwili ubavuni vya kufichia miguu. Miaka yote nakanyaga udongo, kumbe sijui namkanyaga nani.

"Huyu hayumo kwenye vitabu vyangu vyote," alisema taratibu. "Nadhani hajapewa jina na mtu. Niandikie vikaratasi, utie kimoja ndani ya kila kichupa, kiseme udongo umetoka wapi. Kwa penseli."

Penseli? Mimi, mtoto wa duka la kalamu? Penseli ni ya darasa la kwanza. Nikachukua kalamu bora kuliko zote dukani, nikaandika mwandiko wa kadi za harusi.

Wiki mbili baadaye akaniita. Spiriti ilikuwa imekula wino. Vichupa ishirini na saba, vikaratasi vyeupe pe, na vifuko keshavitupa.

Hakunifokea, na heri angenichapa. Alisema tu, "Kiumbe asiyejulikana kwao siwezi kumpa jina. Na magoti yangu hayapandi tena mlima ule."

Nilipanda mimi, mara tatu, penseli mfukoni. Nilimletea udongo wa kila bonde alilolikumbuka. Tulitafuta mpaka macho yake yakachoka, mpaka akafariki. Mwingine kama yule hatukumpata.

Kichupa cha yule wa kwanza aliniachia mimi. Kipo pale kwenye rafu, nyuma ya kalamu. Ndani mna kikaratasi alichokiandika mwenyewe kwa penseli: "Hajulikani kwao." Miaka yote hii haijafutika hata herufi moja.

Basi, mwanangu, anayejua akikuagiza jambo dogo, usilidharau kwa udogo wake. Uliza sababu, au fanya kama ulivyoambiwa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu zima. Nililovunja ni la mwenzangu, na halikuungika.

Mungu akujaalie jicho la kukiona kilicho kidogo, na mkono wa kukishika kwa adabu. Haya, penseli hiyo hapo, nenda nayo.