Mwani Usioanikwa

Verna Pegler ameanika mwani kwa miaka arobaini na mmoja, na ukitaka kugombana naye mwambie tu kwamba kuna namna nyingine ya kuutunza. Hapa Kisiwa cha King upepo haupumziki, na kila dhoruba ya kusini-magharibi hututupia ufukweni mwani wenye mashina mazito, mengine marefu kuliko lori. Ulio hai hatuukati. Tunangoja bahari iutoe yenyewe, tunauvuta kwa winchi, mashine ya kamba iliyofungwa kwenye lori langu, tunautundika kwenye vyuma, na upepo unamaliza kazi. Kisha unasagwa na kusafirishwa, unaishia kwenye dawa ya meno, aiskrimu na rangi za vitambaa. Mimi ni Clem, dereva wa winchi wa Verna. Mwaka wa kumi na tisa huu naitwa mjinga kila asubuhi kabla ya chai.

Verna ana pia ng'ombe hamsini na wawili wa maziwa, na hao ndio roho yake. Mwaka jana mnunuzi wa maziwa alituma barua: mbweu za ng'ombe zina gesi inayochemsha dunia, na kuanzia msimu mpya atachukua tu maziwa ya ng'ombe ambao gesi yao imepunguzwa. Rohan, mwanawe Verna anayekamua, hakukawia kuamua.

"Mama, hatuna ujanja. Meli ya mifugo inakuja tarehe ishirini na sita. Tuwapakie wakauzwe, yaishe."

"Jipakie wewe kwanza," Verna akamjibu. "Hao umewakuta hapa."

Wiki nne kabla ya meli akatokea mtafiti kutoka mji wa Hobart ng'ambo ya maji, Thuy Lam, mwanamke mdogo wa mwili na mkubwa wa subira. Alikuja na sanduku la magurudumu: ng'ombe anaingiza kichwa kula punje, na mashine inavuta pumzi yake na kuipima. Akatuonyesha mwani mwekundu, laini kama nywele. Mimi nilikuwa nikiukung'uta kwenye mashina na kuutupa, uchafu mtupu. Thuy akasema kijiko kimoja cha huo kwenye chakula cha ng'ombe kinaizima gesi tumboni kabla haijatengenezwa.

Verna alicheka mpaka akakaa chini. "Kijiko? Ng'ombe wangu ana tumbo kama tangi la maji!"

Lakini asubuhi iliyofuata nilimkuta ufukweni ameinama, anauokota mmojammoja.

"Ukishaupata," Thuy alimwambia, "uutie kwenye mafuta ya kupikia siku hiyohiyo. Usiuanike."

"Binti, unanifundisha mimi mwani? Ukikaa na maji unaoza. Unaanikwa."

Akauanika. Aliutandaza kwenye nyavu juu ya vyuma vyetu, akaugeuza kwa mikono yake, ukakauka vizuri hata mimi nikausifu. Tukawalisha ng'ombe siku kumi. Siku ya kumi na moja Thuy alifungua kompyuta yake. Mstari wa gesi haukushuka hata unywele.

 Rohan alitoa simu akaagiza lori la kupeleka ng'ombe bandarini, mama yake akiwa palepale anasikia.

"Nguvu ya mwani huu inaruka hewani," Thuy akasema polepole. "Ukiuweka kwenye upepo, inaondoka na upepo. Mafuta ndiyo yanayoishika."

Verna alitazama vyuma vyake, safu kwa safu mpaka kilimani. Nilingoja anitukane mimi, maana ndivyo ilivyo desturi. Hakunitukana, na hilo lilinitisha kuliko matusi.

"Basi mimi ndiye niliyeitupa nguvu yake," akasema. "Clem, nenda dukani. Leta mafuta yote waliyo nayo."

Mafuta yalipatikana. Mwani haukupatikana. Bahari ilituliza maji siku tano, ikawa kama beseni, na miambani tuliuona mwekundu ukichezacheza kwenye maji ya magotini.

"Tuukate kidogo tu," nikasema. "Nani ataona?"

"Mimi nitaona. Kaa kwenye lori lako, mjinga."

Siku ya sita upepo ukageuka. Dhoruba ilipiga tangu alfajiri, na mchana ufuko mzima ulikuwa mwekundu. Sikuwahi kuuona hivyo, au niliuona mara mia nikaukanyaga tu. Verna, miaka sabini na mmoja, aliokota hadi vidole vikavimba. Hatukuanika hata uzi mmoja. Uliingia kwenye ndoo za mafuta ukiwa bado unadondosha maji ya chumvi, na Verna aligeuza uso kila mfuniko ulipofungwa, maana kwake hiyo ilikuwa kuharibu mwani.

Tulilisha siku nane. Tarehe ishirini na sita lori lilisimama getini, injini inanguruma, ng'ombe wote wamefungiwa zizini. Thuy aliweka kompyuta juu ya boneti ya lori langu la winchi. Mstari ulikuwa umekwenda sawa kama barabara, siku baada ya siku, kisha pale mafuta yalipoanza ukaanguka. Ulianguka chini ya nusu, na ulikuwa bado unashuka.

"Mashine imeharibika," nikasema.

"Nimeipima mara tatu," Thuy akajibu.

 Mbingu nzima iliyo juu yetu, na kinachoihifadhi ni takataka niliyokuwa nikiikung'uta kwenye mashina! Niliona haya na nilifurahi kwa pamoja, na sijui kipi kilizidi.

Verna hakuitazama kompyuta tena. Aliingia zizini, akaweka kiganja mbele ya pua ya ng'ombe aliyekuwa karibu, akaisikia ile pumzi inavyotoka.

"Kijiko, Clem," akasema. "Kijiko tu."

 Rohan akamwendea dereva wa lori. "Rudi zako, kaka. Hapa hakuna mzigo." Akazunguka upande wa pili wa zizi na kufungua lango la malishoni, ng'ombe wakatoka mmojammoja, bila haraka, wakaanza kula.