Karanga Zilizoota Upande wa Wifi

Shamba letu limepakana na la wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, huku Gikundamvura. Katikati pana mfereji ambao mtu anauvuka bila kunyanyua kitenge.

Msimu ule, mvua ya kwanza iliponyesha, upande wake ziliota zenyewe karanga zilizosalia ardhini tangu mavuno. Nilipita nikainama, nikageuza jani. Vidukari weusi walikuwa wamebanana chini yake wakifyonza utomvu, na sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina. Agronomu, afisa kilimo wetu, alishatueleza sote mkutanoni, wifi akiwa amekaa mbele kabisa akipiga makofi: maotea kama hayo yang'olewe kabla ya kupanda, maana vidukari huanzia hapo, wakahamia karanga changa na kuziambukiza ugonjwa wa kudumaa.

Nilimkuta anapepeta maharage.

"Dada, tuzing'oe pamoja. Ni kazi ya asubuhi moja tu."

Hakuinua macho. "Ning'oe kitu Mungu amenipa bure? Weye muntu wa Kongo ndiyo utatufundisha kulima?"

Nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, kwa wazazi Wanyarwanda. Nimeolewa hapa, nimezaa hapa, mama yangu nimemzika hapa.

Jioni nilimweleza mume wangu.

"Ni dada yangu," akasema. "Nimwambie nini?"

"Neno lolote."

Akaomba chumvi.

Nilipanda. Nilibananisha mbegu, ili majani yafunike udongo upesi na vidukari wasipate mahali peupe pa kutua. Walivuka hata hivyo. Kila asubuhi nikawa nang'oa miche iliyogeuka manjano, mpaka njano ikanishinda mbio. Mume wangu alipoiona kwa macho yake, ndipo alipokwenda sokoni Ruhwa, mpakani, akarudi na dawa na pompi ya kuazima. Alipuliza shamba zima, kitambaa puani. Vidukari walikufa kweli. Karanga hazikupona; ugonjwa ulishaingia ndani, majani yamekunjamana, mimea imelala chini kana kwamba imekanyagwa.

"Tumechelewa," akasema.

"Sisi?" nikamwuliza. Akaendelea kuosha pompi.

Nilivuna peke yangu. Nilivuta shina baada ya shina, ikatoka mizizi mitupu na maganda machache yasiyo na kitu ndani.

Wifi alikuwa amepanda karanga zake mapema, kwenye shamba lake lingine kule mlimani, nazo hazikuguswa. Akaja na beseni la karanga kichwani.

"Ya batoto," akasema. "Nasikia zako zilikataa."

Zilikataa! Mume wangu alilipokea beseni kwa mikono miwili, akamshukuru mara nyingi mno, kisha akanikabidhi nitwange. Nikatwanga. Nikapika mchuzi, nikawapakulia wote. Mimi nilikula ugali mkavu, na hakuna aliyeuliza.

Siku hizi upande wangu nimepanda mihogo. Wifi akipita ananisalimu, naitikia. Mume wangu huwaambia watu kwamba mimi na dada yake tunaelewana sana.