Nakala ya Talaka Niliyoikalia

Mwanangu, iko siku moja inayonirudia kila ninaposikia mtu akiambiwa dirishani, "Njoo wiki ijayo." Kwa miaka mingi nilijaribu kuisahau, na Mungu kwa hekima yake hakuniruhusu. Namshukuru hata kwa hilo. Nakuandikia wewe uliyepata kazi ya mezani, ambaye watu watakuja kwako wakiwa wamevua kofia, ili usije ukazeeka na siku kama yangu.

Nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo katika kituo kidogo cha wakulima wa tumbaku, upande wa Ushetu. Sikitaji jina, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Mahakama ilikuwa chumba kimoja cha kusikilizia mashauri, na nyuma yake masijala, chumba cha majalada, nilimokaa na mashine yangu ya taipu na karatasi za kaboni. Hakimu alikuja siku mbili kwa wiki, maana alihudumia na mahakama nyingine. Siku zilizobaki, mahakama ilikuwa mimi.

Nilikuwa kijana mcha Mungu, na nilijijua kuwa hivyo. Hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Baba yangu alikuwa katekista. Sikunywa pombe, wala sikupokea hata yai la mtu. Makarani wa kwingine waliniita mjinga, nami nikafurahi kuitwa hivyo. Lakini kazi moja ilinichoma moyo: kuchapa nakala za talaka. Hakimu aliandika hukumu kwa mkono. Mimi niliichapa, yeye akasaini, nikagonga mhuri, mwenyewe akapewa. Kila nilipoingiza karatasi ile kwenye mashine niliona kama vidole vyangu ndivyo vinavyowatenganisha watu walioapa kanisani.

Basi nikabuni njia. Sikukataa kuchapa, nilichelewesha. Jalada la talaka nililiweka chini kabisa, la mpaka wa shamba likapita, la ng'ombe waliokula mihogo likapita. Safari moja njia hiyo ilizaa matunda. Mkulima mmoja na mkewe, waliokwisha kuachanishwa, walirudiana wakati mke bado anasubiri nakala. Walinichinjia jogoo. Nilimla jogoo yule nikimshukuru Mungu kwa kunipa huduma. Leo naona afadhali ningepaliwa na mfupa.

Ndipo akaja Mama Milembe. Mumewe alichimba dhahabu upande wa Geita, akirudi nyumbani pale tu alipoishiwa, na akirudi ni kipigo. Shauri lao lilisikilizwa nikiwepo. Hakimu na wazee wawili washauri wa mahakama walimpa mama talaka, wakaamuru binti yao Milembe, wa darasa la sita, akae na mama yake hadi amalize shule. Mume alitoka akicheka. Mwezi ulikuwa haujaisha mama yule akaja dirishani.

"Karani, nimefuata karatasi yangu."

"Bado, mama. Kazi ni nyingi."

Akaitazama meza yangu iliyokuwa tupu. "Naona," akasema, akaenda zake. Alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Safari ya pili nilimkaribisha kiti, nikamwuliza kwa upole, upole ule wa kanisani, kama ameshamwomba Mungu juu ya ndoa yake.

"Nimemwomba miaka kumi na mbili, karani. Akanipa hakimu."

Nilidhani ana moyo mgumu. Nikaandika jina lake kwenye orodha yangu ya maombi, ila karatasi yake sikuigusa.

Safari ya tatu hakuketi. Alisema baba Milembe ametoka machimboni na anapitapita karibu na shule. Mwalimu mkuu amemwambia wazi: lete karatasi ya mahakama, hapo nitakuwa na la kumzuia nalo; bila hiyo, yule ni baba mzazi.

"Baba kumwona mwanawe nayo ni kosa?" nikamwuliza.

"Haji kumwona. Anakuja kumpima urefu. Kuna mtu huko Buseresere ameshataja ng'ombe wa mahari."

Mwanangu, wewe ni wa huku, hili sina haja ya kukueleza. Binti akirefuka, kuna wanaomtazama wakaona zizi. Nilijua hayo kama ulivyoyajua wewe ukikua. Nami nikamjibu mama wa watu kwa methali.

"Subira yavuta heri, mama."

"Heri ya nani, karani?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia, kisha akaondoka.

Siku nne baadaye baba alifika shuleni saa ya mapumziko na baiskeli ya kuazima. Mwalimu mkuu alimzuia kwa maneno, na maneno yakaisha, baba akampakia Milembe akaondoka naye. Kesho yake alfajiri mama alikwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu, tena kwa heshima, akamwambia, "Mama, nionyeshe hukumu, nianzie hapo." Hakuwa nayo, hivyo akaja kwetu.

Ilikuwa siku ya hakimu. Mmoja wa wale wazee washauri, Mzee Maduhu, alikuwa kwenye benchi la nje akingoja shauri lingine. Alimsikiliza mama yule hadi mwisho, kisha akaingia masijala, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga.

"Karatasi yake iko wapi?"

"Haijachapwa, mzee."

"Mashine imeharibika?"

"Hapana, mzee." Nikamweleza yote: kiapo cha kanisani, maombi yangu, wale waliorudiana. Nilieleza vizuri, maana nilikuwa nimejieleza hivyo mwenyewe mara nyingi.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, kwa Kisukuma chetu. "Siku ya shauri ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Mkono wake ulivyovimba uliuona?"

"Niliuona, mzee."

"Na sisi tuliuona. Watatu tukakaa, tukaamua. Wewe ukakaa huku nyuma peke yako ukaamua upya. Nani alikuapisha uhakimu?"

Nikaanza kupanga karatasi zangu za kaboni.

"Ungekuwa mla rushwa ningekushitaki, ufungwe, na mama huyu ajue kilichompata. Sasa nikushitaki kwa lipi? Kwa kusali?" Akanisogezea jalada, alilolichomoa mwenyewe chini ya mengine. "Chapa."

Nikachapa, naye amesimama nyuma yangu, na Mama Milembe yuko mlangoni. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Hakimu akasaini, nikagonga mhuri. Haikufika nusu saa. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaigeuza upande wa nyuma kuangalia kama kuna kingine.

"Ni hii tu, karani?"

"Ni hiyo tu, mama."

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo, na tangu niwe mhubiri nimekaa na maaskofu.

Alipanda basi siku ileile hadi Buseresere. Kwa karatasi ile polisi walimkamata baba mtu, lakini ng'ombe walikwisha kuswagwa, na binti alikwisha kupelekwa na yule mwenye ng'ombe kwenye kambi za wachimbaji zinazohamahama kufuata dhahabu. Wazee walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Nilizoea kuitumia methali hiyo kuwahimiza watoto wa kwaya wawahi mazoezi. Mama alimpata Milembe msimu wa pili wa mvua. Alikuwa na mtoto mgongoni. Akamwambia mama yake, "Nirudi kufanya nini? Darasa gani litanipokea na huyu?" Mama akarudi peke yake.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilimkuta akipalilia karanga, akaendelea kupalilia wakati nikisema. Nilipomaliza akanyoosha mgongo.

"Nimekusamehe, karani, kwa kuwa Mungu anataka hivyo, na mimi pia ni mtu wa kusali. Ila usije tena hapa kwangu."

Sikwenda tena. Namshukuru Mungu kwa neno lake la kwanza, na la pili nimelibeba kama lilivyo. Msamaha haukumrudisha mtoto darasani. Usiamini mahubiri yanayosema vinginevyo, hata yakiwa yangu.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukiwekwa mahali pa kumkabidhi mtu kilicho chake, mkabidhi. Usimpime kwanza kama anastahili. Waliopewa kazi ya kupima wameshapima. Ukiona ndoa za watu zinakuumiza, nenda ukawasuluhishe kabla hawajafika mahakamani, ukale vumbi la njia kwa miguu yako, usitumie miguu ya mama wa watu. Rushwa ina harufu, hata mla rushwa huisikia. Dhuluma inayofanywa kwa jina la Mungu haina harufu kwa anayeifanya, kwa hiyo jichunguze hapo zaidi kuliko kwingine.

Nawe mwanangu ambaye siku moja utakuwa upande wa pili wa dirisha, usitoke mahakamani bila kuandika nambari ya shauri lako. Omba nakala siku hiyohiyo ya hukumu, na uombe kwa maandishi. Ukipewa, isome pale pale, angalia saini na mhuri, kisha toa nakala nyingine uiweke kwa mtu unayemwamini. Nasikia siku hizi kuna kompyuta, na nakala hutoka upesi. Nashukuru. Lakini kompyuta nayo ina mtu anayeikalia, naye akikuambia ngoja, mwulize unangoja nini, na asipokuwa na jibu nenda kwa hakimu mwenyewe. Usione haya. Mimi ningeulizwa hivyo kwa sauti kubwa siku ya kwanza, ningechapa.

Mungu akupe macho ya kuwaona wanaosimama mbele yako. Akuepushe na wema unaomchelewesha mtu. Na kila atakayekujia akiwa na haki yake, Mwenyezi amjalie aondoke nayo mkononi kabla jua halijazama. Amina.